Seva ya NFS inashindwa kuwafikia wateja wake: nani asubiri, na kwa muda gani?

Mtunza_Seva aliuliza:

Wakuu, salaam. Ninatunza seva moja ya faili inayotumia Linux, yenye wateja wapatao arobaini, wote wakiwa wamepachika saraka zao kwa NFS (itifaki ya kutumia faili za seva kupitia mtandao) toleo la 4.0. Kwa muda mrefu hapakuwa na tatizo lolote. Wiki tatu zilizopita uliwekwa ukuta wa moto kati ya seva na wateja hao, na poti 2049 ya seva ikaachwa wazi kama inavyotakiwa. Faili zinasomeka, zinaandikika, na kasi ni ileile ya zamani, isipokuwa kwa jambo moja ambalo limenishinda.

Mtumiaji hufungua faili na kuisoma bila shida, lakini akitaka kuihifadhi, kuifuta au kuibadili jina, programu yake huganda. Mara nyingine huganda kwa nusu dakika, mara nyingine dakika nzima na ushee, kisha kazi hukamilika kana kwamba hapakuwa na kitu. Hakuna ujumbe wa kosa unaotolewa, diski za seva hazijalemewa, na sioni pakiti zikipotea. Tulipofuatilia tuligundua mambo mawili. Kwanza, faili inayogandisha huwa imesomwa muda mfupi uliopita kwenye kompyuta nyingine, na kompyuta hiyo nyingine ikishasababisha mgando mara moja, hairudii tena. Pili, kompyuta zilizozimwa na kuwashwa upya baada ya ukuta kuwekwa hazijawahi kusababisha mgando hata mara moja.

Malalamiko yanapungua yenyewe kila siku, na hilo linanitia wasiwasi kuliko kama yangeongezeka, kwa sababu tatizo linaloondoka bila kutibiwa hurudi bila kubisha hodi. Nimesoma kwamba seva ya NFS huwapigia wateja wake wito wa kurudi, na ninashuku kwamba chanzo kiko huko. Seva ikishindwa kumfikia mteja hufanya nini hasa? Je, data zinaweza kupotea, au ni ucheleweshaji tu? Na je, niliache tatizo hili lijimalize?

Bawabu alijibu:

Ndugu Mtunza Seva, umeshuku panapostahili, na dalili ulizozieleza zinaoana vizuri kiasi kwamba fumbo lako linaweza kufumbuliwa kabla hata ya kugusa seva.

Seva ya NFS 4 inaweza kumpa mteja kibali juu ya faili aliyoifungua. Kibali cha kusoma kinamwambia mteja kwamba hakuna mwingine anayeiandika faili hiyo, kwa hiyo anaweza kutegemea nakala iliyo katika akiba yake bila kuiuliza seva kila mara. Ahadi ya namna hiyo ina thamani pale tu seva inapoweza kumwita mteja siku hali itakapobadilika na kumwambia arudishe kibali, na wito huo ndio uitwao CB_RECALL. Ndiyo maana watumiaji wako hawagandi wanaposoma. Kusoma hakugongani na kibali cha kusoma, ilhali kuandika, kufuta na kubadili jina kunagongana nacho, hata kama anayefanya hivyo ni programu inayoendeshwa kwenye seva yenyewe.

Katika toleo la 4.0 wito huo haupiti kwenye muunganisho ambao mteja ameufungua kwenda poti 2049. Mteja anapojitambulisha kwa SETCLIENTID huandika anwani yake na poti anayosikilizia, na seva ndiyo inayofungua muunganisho wa pili kwenda huko. Anwani huandikwa kwa namba sita zilizotenganishwa na nukta, mbili za mwisho zikiwa ni poti. Kwa mfano, 192.0.2.15.156.64 maana yake ni anwani 192.0.2.15, poti 40000, kwa kuwa 156 mara 256 ni 39936, ukiongeza 64 unapata 40000. Ukuta wenu unaruhusu safari zinazoanzia kwa wateja. Safari inayoanzia kwenye seva kwenda poti ambayo mteja ameichagua kiholela haikuwa katika hesabu za aliyeandika kanuni za ukuta huo, wala simlaumu, kwani wengi hawajui kwamba ipo.

Sasa kuhusu kompyuta zilizowashwa upya. Kabla ya kutoa kibali chochote, seva huijaribu njia ya wito kwa ombi tupu liitwalo CB_NULL. Kompyuta zilizopachika saraka baada ya ukuta kuwekwa zilifeli jaribio hilo, kwa hiyo hazikupewa vibali, na asiye na kibali hawezi kumchelewesha mtu. Zile za zamani zilijaribiwa wakati njia bado i wazi. Muunganisho wa wito ukikaa kimya kwa dakika 5, seva ya Linux huufunga na kutarajia kuufungua tena utakapohitajika, na siku ya kuuhitaji ndipo inapokutana na ukuta. Katikati ya nyakati hizo mbili hakuna anayejua kwamba njia imekufa, si seva wala mteja.

Kuhusu urefu wa mgando: anayetaka kuandika hujibiwa NFS4ERR_DELAY, yaani asubiri kidogo na ajaribu tena, naye hurudia kwa vipindi vinavyozidi kurefuka hadi kufikia sekunde 15. Wakati huohuo seva inajaribu kumwita mwenye kibali, inashindwa, na inaiandika njia yake kuwa imekufa. Lakini haina namna ya kumweleza, kwa sababu mdomo uliokuwa umsemeshe ndio huo uliozibwa. Inabidi ingoje mpaka mteja mwenyewe aje kuhuisha mkataba wake wa muda (lease), yaani kipindi ambacho seva humtambua bila kusikia kutoka kwake. Mkataba huo kwenye seva ya Linux, usipobadilishwa, ni wa sekunde 90, na mteja wa Linux mwenye vibali hutuma RENEW kila baada ya theluthi mbili za muda huo, yaani sekunde 60. Akija, seva humjibu NFS4ERR_CB_PATH_DOWN, naye hurudisha vibali vyote alivyonavyo. Kwa hiyo urefu wa mgando unategemea sekunde 60 hizo zilikuwa zimefika wapi mwandishi alipobisha, na ndiyo maana hukupata muda unaofanana mara mbili. Baada ya hapo njia inabaki imeandikwa kuwa imekufa, vibali vipya havitolewi, na kompyuta hiyo hairudii kosa. Malalamiko yanapungua kwa sababu kompyuta zako zinafeli moja baada ya nyingine hadi zitakapokwisha.

Jibu la NFS4ERR_CB_PATH_DOWN linaonekana kama kosa, lakini seva inayolitoa inatakiwa kuuhuisha mkataba wa makufuli (yanayozuia wengine wasiguse faili) na wa faili zilizofunguliwa kwa jibu hilohilo. Ikishindwa kuuhuisha, inapaswa kutoa kosa lingine, hata kama njia ya wito nayo imekufa. Anayeandika programu ya mteja na kulichukulia jibu hilo kuwa ni mwisho wa mkataba atafanya kazi kubwa ya kujenga upya kila kitu pasipo sababu.

Mtunza_Seva alijibu:

Ninashukuru sana, mkuu. Nimeingia kwenye seva na kutazama saraka ya /proc/fs/nfsd/clients, ambamo kila mteja ana faili yake ya info. Wateja walioonyesha kwamba njia ya wito ipo DOWN ni kumi na tisa, na kweli wote ama waliwashwa upya au walishagandisha wenzao. Kinachonichanganya ni kwamba waliobaki wameandikwa UP, ilhali wako nyuma ya ukuta uleule. Je, nielewe kwamba kwao njia inapita?

Bawabu alijibu:

Hapana. UP hapo ni kumbukumbu ya mara ya mwisho njia ilipopitika. Seva haiijaribu njia kila baada ya muda. Huijaribu mteja anapojitambulisha, na huigundua hali yake halisi inapokuwa na wito wa kupeleka. Chagua mteja mmoja aliyeandikwa UP, hakikisha katika faili yake ya states kwamba ana kibali, kisha kutoka kompyuta nyingine andika katika faili hiyohiyo huku tcpdump (programu ya kunasa pakiti za mtandao) ikisikiliza kwenye seva. Utaona pakiti za kuomba muunganisho zikienda kwenye poti ya mteja bila kujibiwa, na baada ya sekunde chache UP itageuka kuwa DOWN.

MzeeWaMafaili alijibu:

Ndugu zangu, naona mmezungumza mengi, ila dawa ni fupi. Andikeni 0 katika /proc/sys/fs/leases-enable kabla ya kuwasha huduma ya NFS, na seva haitatoa kibali kwa mtu yeyote. Nimeendesha seva kwa namna hiyo kwa miaka na hakuna aliyewahi kulalamika. Kibali ni kiungo cha kasi tu, na itifaki haimlazimishi yeyote kukitoa.

Bi_Itifaki alijibu:

Kwa heshima zote, Mzee, ni kweli kwamba itifaki hailazimishi, lakini swichi uliyoitaja ni ya mfumo mzima. Programu nyingine zinazotegemea huduma hiyo ya lease ya keneli (kiini cha mfumo wa Linux) zitaipoteza pia, na seva inayowahudumia wateja wa Windows kupitia Samba kwa faili zizohizo inaweza kuwa inaitegemea ili pande mbili hizo zisitofautiane. Anayetaka kuviepuka vibali kwa baadhi ya wateja tu ana njia nyepesi zaidi: mteja apachike saraka akiwa ameweka clientaddr=0.0.0.0, ambayo kwa seva ni tamko kwamba mteja huyo havihitaji.

Nirudi kwenye swali la data, maana halijajibiwa. Kwa kibali cha kusoma, hatari ni kusoma yaliyopitwa na wakati. Mwenye kibali aliyekatika kabisa mtandaoni anaendelea kuamini akiba yake, na seva, baada ya kungoja muda wa mkataba bila kumpata, hukibatilisha kibali na kumruhusu mwandishi apite. Mteja anayehesabu saa yake vizuri ataacha kuiamini akiba mkataba wake unapokwisha, kwa hiyo kipindi cha kutofautiana kina mpaka. Kibali cha kuandika ni habari nyingine. Mwenye nacho anaweza kuwa anashikilia data ambazo bado hazijafika kwenye seva, pamoja na makufuli aliyoyatoa ndani ya kompyuta yake bila kuiambia seva. Kikibatilishwa kabla hajazipeleka, data hizo hazina tena haki ya kuandikwa, na programu iliyokwisha kuambiwa kwamba uandishi umepokelewa hupata kosa baadaye, pengine wakati wa kufunga faili, ambapo programu nyingi kwa bahati mbaya hazikagui jibu. Seva ya NFS iliyo ndani ya keneli ya Linux kwa miaka mingi ilitoa vibali vya kusoma tu, kwa hiyo wengi hawajakutana na hali hiyo. Lakini seva za namna nyingine, pamoja na keneli za karibuni, hutoa pia vya kuandika.

Ushauri wangu, Ndugu Mtunza Seva, ni uhamie toleo la 4.1 au 4.2, kwa sababu huko kasoro hii ilitibiwa kwenye mzizi. Mteja huanzisha kikao kwa CREATE_SESSION, na katika ombi hilo husema kwamba muunganisho huohuo alioufungua yeye utumike pia kubeba wito wa seva. Ukuta wa moto hauna cha kuzuia, kwani safari imeanzia kwa mteja, na hata NAT (mbinu ya kuficha anwani za ndani nyuma ya anwani moja ya nje) haina neno. Isitoshe, mteja hutuma SEQUENCE mara kwa mara ili kuuhuisha mkataba, kwa hiyo muunganisho haukai kimya muda mrefu kiasi cha kusahauliwa na vifaa vya njiani.

Hata hivyo, usidhani kwamba njia ya wito haipotei tena. Muunganisho wa TCP ukikatika, mteja hufungua mwingine na kuendelea kutuma maombi yake, na pale ambapo kikao hakikuwekewa ulinzi maalumu, SEQUENCE ya kwanza katika muunganisho huo mpya inatosha kuufungamanisha na kikao kwa ajili ya maombi ya mteja. Haitoshi kwa wito wa seva. Kwa upande huo mteja lazima atume BIND_CONN_TO_SESSION na kutamka kwamba muunganisho utumike pande zote mbili. Asipofanya hivyo, faili zitasomeka na kuandikika, kila mtu ataona mambo yamerudi sawa, kumbe seva imebaki bila njia. Hali hiyo inafanana mno na ile iliyokupata.

Tofauti ni kwamba huku seva ina mahali pa kusemea. Kila jibu la SEQUENCE hubeba bendera za hali, na mojawapo ni SEQ4_STATUS_CB_PATH_DOWN, ambayo seva huiweka katika majibu yote ya mteja huyo mpaka walau kikao kimoja kipate njia inayofanya kazi. Kwa kuwa karibu kila ombi huanza na SEQUENCE, mteja mwenye shughuli hupata habari mara moja badala ya kungoja zamu ya RENEW. Ipo pia bendera ya kikao kimoja pekee, SEQ4_STATUS_CB_PATH_DOWN_SESSION, na ipo nzito zaidi, SEQ4_STATUS_BACKCHANNEL_FAULT, ambayo hutokea seva inapokuwa imepoteza hesabu ya namba za mfuatano za wito. Hiyo ya mwisho haitibiwi kwa kufungamanisha muunganisho mwingine. Mteja huacha kutuma maombi mapya katika kikao hicho, hungoja yaliyo njiani yakamilike, kisha hukivunja na kuanzisha kingine.

Jambo ninalolipenda katika mpango huu ni lile la wito uliokatikia njiani. Katika 4.0 seva ikituma CB_RECALL na muunganisho ukakatika kabla ya jibu, haijui kama mteja aliupokea au la. Katika 4.1 wito nao una nafasi na namba ya mfuatano kupitia CB_SEQUENCE, kwa hiyo seva huurudia vilevile katika muunganisho mpya, na mteja akiwa alishautekeleza hutoa jibu alilolihifadhi bila kuutekeleza mara ya pili. Na ikitokea seva imechoka kungoja na kubatilisha kibali, huinua SEQ4_STATUS_RECALLABLE_STATE_REVOKED, kisha mteja huuliza kwa TEST_STATEID ni kipi kilichobatilishwa na kukiachilia kwa FREE_STATEID.

Kache_Kuukuu alijibu:

Kwa faida ya wanaopenda kulinganisha: AFS (mfumo mwingine wa faili za mtandaoni), iliyozaliwa katika mradi wa Andrew wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon miaka ya 1980, ilikutana na tatizo hilihili mapema na ikalipa gharama upande mwingine. Huko nako seva huahidi kumwita mteja faili ikibadilika, na wito husafiri kwa UDP (njia ya kutuma pakiti bila kufungua muunganisho) hadi poti 7001 ya mteja. Asipopatikana, seva haimngojeshi mwandishi mpaka mteja huyo arejee. Humwekea alama, na siku atakapowasiliana nayo tena humwambia azichukulie ahadi zote za seva hiyo kuwa zimevunjika, ili aulize upya. Kila ahadi ina muda wake wa kwisha, kwa hiyo msomaji aliyekatika anaweza kusoma ya zamani kwa kitambo bila kumzuia mtu. Mteja wa AFS aliye nyuma ya ruta yenye NAT inayosahau haraka safari za UDP huona faili zake zikichelewa kubadilika, wala hasikii kwamba kuna kompyuta iliyoganda. Binafsi sioni kwamba mmoja alikosea. Waliamua tofauti tu kuhusu nani abebe mzigo.

Mtunza_Seva alijibu:

Wakuu, narudi na mrejesho. Jaribio la tcpdump lilitoa picha ileile aliyoieleza Ndugu Bawabu. Nimewahamisha wateja wote isipokuwa wawili kwenda toleo la 4.1 usiku wa Jumamosi, na tangu hapo hakuna mgando. Wawili waliobaki ni mitambo ya zamani isiyolijua toleo hilo. Nilifikiria kuwawekea poti isiyobadilika kwa nfs.callback_tcpport na kuomba ifunguliwe kwenye ukuta, lakini mmoja yuko nyuma ya NAT na anatangaza anwani ya ndani ambayo seva haiwezi kuifikia hata poti ikiwa wazi, kwa hiyo wote wawili nimewapa clientaddr=0.0.0.0.

Kuna jambo moja tu: katika orodha ya saraka zilizopachikwa bado naona clientaddr imeandikwa hata kwa wateja wa 4.1. Je, nimekosea mahali?

Bi_Itifaki alijibu:

Hujakosea. Linux huendelea kuionyesha, lakini kwa 4.1 na kuendelea haina kazi katika wito, kwani seva haifungui muunganisho kwenda kwa mteja. Badala yake kagua majina ya kompyuta zako. Katika 4.1 mteja wa Linux hujitambulisha kwa jina la kompyuta, na kama baadhi zilinakiliwa kutoka diski moja na kubaki na jina linalofanana, seva itazihesabu kuwa mteja mmoja aliyewashwa upya, nazo zitakuwa zikinyang'anyana vikao. Zilizo na majina yanayofanana zipe kila moja thamani yake ya nfs4_unique_id kabla ya kuzipachikia saraka tena.

Mtunza_Seva alijibu:

Nimekagua. Tatu zinaitwa localhost. Ninazishughulikia sasa hivi.